Siku tatu Istanbul kwa pointi za hoteli: mwongozo wa hatua kwa hatua

Anayesafiri mara kwa mara kwa semina na vikao kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Kigali na Addis Ababa, mara nyingi ana pointi za hoteli ambazo hajui kuwa anazo au amezisahau. Alilala Kigali Marriott siku nne, akalala Hyatt Regency ya Dar (ile ambayo wenyeji bado wanaiita Kilimanjaro), akajaziwa fomu ya uanachama mapokezi, kisha mambo yakaishia hapo. Pointi hizo ni chumba cha bure mahali fulani duniani, na zina tarehe ya kufa.

Nimechagua Istanbul kwa mfano wa mwongozo huu kwa sababu tatu. Turkish Airlines inatua Dar, Zanzibar, Kilimanjaro, Nairobi, Entebbe na Kigali, kwa hiyo wengi wetu tunapita pale tukielekea Ulaya au Marekani. Hoteli za makampuni makubwa ya pointi ni nyingi mjini humo, na ushindani wao unakufaa wewe. Na saa ya Uturuki ni sawasawa na ya Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo unafika hujachoka kwa kubadilisha majira, unaanza kutembea siku hiyohiyo.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema, maana hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: kwa safari ya siku mbili tatu, tumia pointi kununua mahali. Kulala karibu na unavyotaka kuviona kuna thamani kuliko bwawa la kuogelea ambalo hutaliingia. Anayelala mbali hupoteza saa mbili kila siku kwenye foleni za magari, na ukiwa na siku tatu tu, saa hizo ni sehemu kubwa ya safari yako.

Hatua ya 1: Kusanya ulichonacho

Ingia kwenye akaunti zako zote: Hilton Honors, Marriott Bonvoy, World of Hyatt, IHG One Rewards, ALL ya Accor, Radisson Rewards. Kama umesahau namba ya uanachama, tafuta kwenye barua pepe zako za zamani. Kisha linganisha akaunti na risiti zako. Malazi yasiyoingizwa yanaweza kudaiwa kwa muda fulani kwenye tovuti ya kampuni, ukiwa na ankara ya hoteli. Ndiyo maana ankara isitupwe hata kama mwajiri ameshakurudishia fedha. Piga picha ubaki nayo.

Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Semina ikiwa imeandaliwa na shirika, na shirika likalipa hoteli kwa ankara moja ya kundi zima, kwa kawaida wewe uliyelala hupati pointi za chumba. Ukipewa posho ukalipa mwenyewe, tena kwa kubuki moja kwa moja kwenye tovuti au aplikesheni ya hoteli, unapata. Ukibuki kupitia Booking.com au Expedia, kwa kawaida hupati, hata ukionyesha kadi yako mapokezi. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi, lipa mwenyewe kisha dai fedha zako kwa utaratibu wa ofisi. Uliza kwanza kanuni za mwajiri wako. Wapo wanaotaka pointi za safari za kikazi zibaki kwa matumizi ya kikazi, na hilo liheshimiwe.

Kasi ya kukusanya ujue ilivyo, usije ukakata tamaa au kujidanganya. Hilton na Marriott hutoa pointi 10 kwa kila dola kwenye hoteli zao nyingi. Usiku tano wa dola 100 ni pointi 5,000 za msingi. Usiku mmoja mzuri wa bure unaweza kutaka pointi 30,000. Hii ni hazina ya mtu anayesafiri sana au ya familia inayounganisha nguvu.

Na kuunganisha kunawezekana. Hilton inaruhusu kuchanga pointi na jamaa na marafiki hadi 10 bila malipo. Marriott nayo inaruhusu kumpelekea mwanachama mwingine pointi bila ada, hadi 100,000 kwa mwaka, mradi akaunti zote zimetimiza masharti ya umri na matumizi. Mume ana 18,000, mke ana 25,000, dada wa Nairobi ana 20,000 zinazokaribia kufa: hapo tayari mna usiku mbili.

Hatua ya 2: Viza, kisha chumba, kisha tiketi

Mpangilio huu ni muhimu. Masharti ya viza ya Uturuki hutegemea pasipoti yako na viza nyingine ulizo nazo, kwa hiyo angalia tovuti rasmi ya serikali yao, evisa.gov.tr, kabla ya kutoa hata shilingi. Epuka tovuti zinazofanana nayo zinazotoza ada za juu.

Chumba kinakuja kabla ya tiketi kwa sababu bukingi nyingi za pointi huweza kufutwa bila adhabu hadi siku moja, mbili au tatu kabla ya kufika, na pointi zikarudi. Tiketi ya bei nafuu haina huruma hiyo. Shika chumba kwanza, ndipo uwinde ndege.

Bei za pointi za Hilton na Marriott hupanda na kushuka kama bei za fedha taslimu, hazina jedwali la kudumu. Fungua kalenda ya tarehe zinazobadilika kwenye tovuti yao uone mwezi mzima kwa mara moja. Istanbul hupungua bei kuanzia Novemba hadi mwanzoni mwa Machi, ukiondoa mwaka mpya. Baridi ipo, mvua ipo, theluji pengine. Lakini foleni za kasri la Topkapı zinakuwa fupi. Zingatia urefu wa siku pia. Desemba jua huzama kabla ya saa 12 jioni. Juni linakaa hadi saa 2 na nusu usiku. Kwa anayetaka kuona mengi kwa siku chache, Aprili, Mei na Oktoba ndiyo miezi ninayoipenda.

Hatua ya 3: Chagua mtaa kabla ya kuchagua hoteli

Hapa tumia muda wako mwingi kuliko hatua nyingine zote. Chora kichwani mstari mmoja: tramu ya T1. Inaanzia Kabataş kando ya Bosphorus, mlango wa bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, inapita Karaköy, inavuka daraja la Galata hadi Eminönü, inapanda Sirkeci, Gülhane na Sultanahmet, kisha Beyazıt, Laleli na Aksaray, na kuendelea magharibi hadi Bağcılar. Karibu kila kitu ambacho mgeni wa mara ya kwanza anakwenda kukiona kipo hatua chache kutoka kwenye mstari huo. Hoteli yako iwe ndani ya dakika kumi za mguu kutoka kituo kimojawapo kati ya Kabataş na Laleli. Ramani ya simu itakuambia. Pima njia ya miguu, maana mji ule una vilima.

Sultanahmet na Sirkeci ndiko kitovu chenyewe. Ukitoka mlangoni unaona minara. Hoteli za makampuni makubwa si nyingi pale lakini zipo, kama Hagia Sofia Mansions iliyo chini ya Hilton, ambayo ni nyumba za mbao za kale zilizokarabatiwa. Pointi zinazotakiwa huwa nyingi, na usiku mtaa unatulia mapema.

Laleli na Beyazıt ni chaguo langu kwa wasafiri wa kwetu. Ni mtaa wa nguo za jumla, na wafanyabiashara wengi wa Kiafrika hununua bidhaa pale, kwa hiyo hushangai kusikia Kiswahili kwenye lifti. Kuna Crowne Plaza Old City na DoubleTree Old Town, tramu ikiwa mlangoni, na Soko Kuu lililoezekwa, Kapalıçarşı, ukifika kwa mguu. Kama umepanga pia kurudi na mzigo wa duka, huwezi kupata mahali pazuri zaidi.

Taksim na Harbiye ni ng'ambo ya daraja la Galata, kwenye maduka, mikahawa na maisha ya usiku. Hilton Istanbul Bosphorus, iliyofunguliwa mwaka 1955, ipo Harbiye ikiwa na bustani kubwa na mandhari ya mlango wa bahari. Kutoka Taksim unashuka kwa treni ya kamba, F1, hadi Kabataş, kisha unapanda T1. Ni pazuri kwa anayerudi Istanbul mara ya pili.

Sasa mtego. Ukipanga matokeo kwa pointi chache, zitakuja juu hoteli zilizo mbali magharibi, kilomita 20 au zaidi kutoka Sultanahmet, zote zikiwa na neno Istanbul kwenye jina. Nyingine zilijengwa kuhudumia uwanja wa Atatürk, na uwanja huo haupokei tena ndege za kawaida za abiria tangu Aprili 2019 safari zilipohamia uwanja mpya ulio kaskazini. Kulala hapo hakukuweki karibu na ndege wala karibu na mji. Tena angalia tiketi yako inasema uwanja gani: mji una uwanja mwingine, Sabiha Gökçen, upande wa Asia.

Hatua ya 4: Piga hesabu moja

Chukua bei ya fedha ya chumba hichohicho, tarehe hizohizo, pamoja na kodi zote, uigawanye kwa idadi ya pointi. Tuseme hoteli ya Hilton karibu na tramu ni dola 150 au pointi 30,000. Kila pointi imenunua nusu senti ya dola. Hoteli nyingine ya kampuni hiyohiyo, nje ya mji, ni dola 70 au pointi 25,000. Hapo pointi moja imenunua robo senti na kitu.

Kipimo changu kwa Hilton ni nusu senti, na kina msingi: kampuni yenyewe huuza pointi zake kwa dola 10 kwa kila 1,000, na kwenye ofa za nyongeza ya asilimia 100 bei hushuka hadi nusu senti kwa pointi. Kitu unachoweza kukinunua kwa nusu senti usikitumie kwa robo senti. Marriott naitaka ifike senti 0.7 hivi, Hyatt izidi senti moja na nusu kwa sababu pointi zake hukusanywa polepole, 5 tu kwa dola. Accor haihitaji hesabu: pointi 2,000 ni euro 40 za punguzo kwenye ankara, popote ulipo.

Chini ya kipimo, lipa fedha na uhifadhi pointi. Isipokuwa pointi zinakaribia kufa au mfuko umebana. Hapo chumba cha bure kinabaki kuwa chumba cha bure, na sitakubishia.

Ofa za usiku wa tano bure, ambazo Marriott na Hilton wanazo, ziweke pembeni kwa safari hii. Usiku tano ni safari nyingine.

Hatua ya 5: Buki

Weka alama kwenye kisanduku cha kutumia pointi kabla ya kutafuta. Chagua chumba cha kawaida. Hilton huonyesha pia vyumba vya juu kwa pointi, na bei zake huweza kuwa mara tatu au nne ya chumba cha kawaida kwa tofauti ndogo tu ya mandhari. Andika idadi halisi ya watu. Hoteli za Istanbul ziko makini na idadi, na mtu wa tatu asiyeandikwa anaweza kutozwa mlangoni. Soma tarehe ya mwisho ya kufuta na uiweke kwenye kalenda ya simu.

Utaombwa kadi ya benki hata kama unalipa kwa pointi. Ni dhamana ya gharama za ziada, na hoteli nyingi huzuia kiasi fulani kwenye kadi mnapofika. Ukitumia kadi ya akiba ya benki yako, fedha hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi baada ya kuondoka. Iache kwenye hesabu, usiipangie matumizi ya safari. Ijulishe benki pia kwamba utatumia kadi Uturuki.

Kingine: pointi hulipia chumba, si chakula. Kifungua kinywa cha hoteli kwa kawaida kiko nje, labda uwe na daraja la uanachama linalokupa. Mwanachama wa Gold wa Hilton, kwa mfano, hupewa kifungua kinywa katika hoteli nyingi zilizo nje ya Marekani, hata usiku wa pointi. Kama huna daraja, toka nje. Duka la mkate la jirani lina simit, mkate wa duara wenye ufuta, na glasi ya chai, kwa sehemu ndogo sana ya bei ya hoteli.

Hatua ya 6: Siku zenyewe

Ndege nyingi za usiku kutoka kwetu hutua asubuhi. Vyumba hutolewa saa 8 au 9 mchana, kwa hiyo acha mizigo mapokezi, uliza kwa upole kama kuna chumba kilicho tayari, kisha utoke. Kutoka uwanja wa ndege, treni ya M11 inakufikisha Gayrettepe. Hapo unahamia M2, ambayo inapita Taksim na kuvuka hadi Vezneciler, kituo cha karibu na Laleli na Beyazıt. Nunua Istanbulkart kwenye mashine. Kadi hiyo moja hufungua tramu, treni na boti.

Siku ya kwanza ibaki Sultanahmet. Anza na uwanja wa kale wa mbio za farasi, ambako limesimama jiwe refu la Farao Thutmose III lililochukuliwa Misri na kusimamishwa hapo mwaka 390. Mwafrika aliyetangulia kufika, na maandishi yake bado yanasomeka. Pembeni kuna Msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita, ulioanza kujengwa 1609. Kuingia ni bure, wageni wakisubiri nje wakati wa swala, na Ijumaa wakisubiri hadi swala ya Ijumaa imalizike. Nguo za kusitiri ni lazima. Mtandio na kanga zetu zinatosha kabisa.

Mkabala wake ni Hagia Sophia: kanisa tangu 537, msikiti tangu 1453, makumbusho tangu miaka ya 1930, msikiti tena tangu Julai 2020. Tangu Januari 2024 mtalii wa kigeni hulipa euro 25 na kupelekwa ghorofa ya juu, kwenye michoro ya kale ya vigae. Anayekwenda kuswali huingia kwa mlango wa waumini bila kulipa. Kama wewe ni Mwislamu, nenda swala ya Alasiri au Magharibi, uswali chini ya kuba lile. Kama wataka michoro, lipa tiketi. Hivyo ni vitu viwili tofauti na vyote vina haki yake.

Siku ya pili amka mapema. Kasri la Topkapı hufunguliwa saa 3 asubuhi na hufungwa Jumanne, kwa hiyo hakikisha siku yako ya pili si Jumanne. Humo ndimo walimokaa masultani kwa karibu miaka mia nne, na ndimo vilimo vitu vitakatifu vinavyohusishwa na Mtume na masahaba, Kurani ikisomwa mfululizo ndani ya chumba. Tenga saa tatu. Kisha shuka kwa mguu kupitia bustani ya Gülhane hadi Eminönü, ule, upite Soko la Viungo, halafu upande kilima hadi Süleymaniye, kazi ya mjenzi Sinan iliyokamilika 1557. Kwangu mimi huo ndio msikiti mzuri kuliko yote mjini, na hauna foleni. Uwanja wake wa nyuma unaona maji yote mawili, Bosphorus na ghuba ya Pembe ya Dhahabu.

Jioni, badala ya kulipia boti ya watalii, panda boti ya kawaida ya abiria kutoka Eminönü hadi Üsküdar kwa Istanbulkart. Dakika ishirini hivi, na umevuka kutoka Ulaya hadi Asia kwa nauli ya daladala ya majini. Kaa nje upande wa kushoto wakati wa kwenda, uione Bosphorus. Wakati wa kurudi, kaa mbele uiangalie minara ya mji mkongwe.

Siku ya tatu, omba mapokezi muda wa ziada wa kutoka. Wanachama wengi hukubaliwa saa moja au mbili hoteli isipojaa. Asubuhi chukua tramu ya T5 kutoka Eminönü hadi Eyüpsultan, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari, au nenda Kapalıçarşı kama si Jumapili, maana Jumapili hufungwa. Kasri la Dolmabahçe nalo hufungwa Jumatatu. Usijaribu vyote vitatu. Kuelekea uwanja wa ndege, ondoka saa nne kabla ya safari. Uwanja uko kilomita 40 hivi kutoka mji mkongwe na wenyewe ndani una mwendo mrefu.

Hatua ya 7: Baada ya kurudi

Angalia akaunti baada ya wiki moja. Usiku wa pointi katika Hilton, Marriott na Hyatt huhesabiwa kwenye kupanda daraja, kwa hiyo ukikosekana, dai. Pointi zilizobaki ziwekee tarehe: Hilton, Marriott na Hyatt huzifuta baada ya miezi 24 bila shughuli yoyote, Accor baada ya mwaka mmoja, IHG baada ya miezi 12 kwa mwanachama asiye na daraja. Katika nyingi ya programu hizi, malazi ya usiku mmoja yenye kuingiza pointi yanaanzisha hesabu upya. Kwa hiyo kama mwakani una kikao kimoja tu Nairobi, lala kwenye hoteli ya kampuni ambayo pointi zake ziko karibu zaidi na kufa.